Wazo Lako Lisimezwe na Kelele

Vijana wetu wa Bondeni, Kuze, Makadara, Majengo na Mombasa nzima,

Hebu tuulizane swali moja. Una wazo la kuufaa mtaa. Labda ni namna ya kuzibua mitaro kabla masika hayajaingia. Labda ni kazi ambayo vijana wa maskani wangepewa badala ya kuachiwa unga na visu. Wazo hilo utalipeleka wapi?

Wengi mtajibu: nitaliandika kwenye grupu, au nitaliposti. Sawa. Ndani ya dakika tano, wa kwanza atakuuliza umelipwa na nani. Wa pili ataacha wazo na kuuliza babu yako alitoka wapi. Wa tatu ataweka stika ya kucheka. Kama wewe ni dada, wa nne ataanza kuzungumza juu ya umbo lako na buibui lako, na wa tano atakuuliza kwani huna mume wa kukushughulisha. Ikifika Isha, wazo limezikwa chini ya jumbe mia mbili, nawe umeshaapa kuwa hutasema tena.

Hapo ndipo tunapopoteza. Bondeni haijakosa mawazo hata siku moja. Barazani, kwenye kahawa, nje ya msikiti baada ya sala, watu wazungumza mambo mazito kuliko hata yale yanayosemwa kwenye mikutano ya viongozi. Tatizo ni kuwa mawazo hayo hayafiki popote, na sasa hata kule mtandaoni tulikodhani tumepata uwanja, wako watu wanaofanya kazi ya kuyavuruga.

Msimamo wetu ni huu: mvurugaji hashindi kwa kuwa ana akili au sauti kubwa. Hushinda kwa sababu wazo letu tumeliacha barabarani, kila apitaye alikanyage. Wazo likipewa mahali pa kukaa, swali la kujibu na mlango wa kuingilia serikalini, kelele hazitaliweza.

ZAMANI WAZO LILIKUWA NA BEI

Mji huu haukuanza jana kutoa maoni. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa hapa Mombasa gazeti lake dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, akizungumza na Waswahili juu ya elimu yao, dini yao na hali yao chini ya Mwingereza. Kazi hiyo ilitaka karatasi, wino, pesa na mtu wa kutembeza nakala.

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa aitwaye Abdilatif Abdalla, akiwa na miaka 22, aliandika waraka wenye kichwa "Kenya: Twendapi?" Alikuwa akiihoji serikali ya wakati ule inaipeleka wapi nchi. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa uchochezi. Kwa swali tu.

Leo swali kama lile waweza kulirusha kwa bando la shilingi ishirini, ukiwa umelala kitandani. Hii ni neema, tusiibeze. Lakini kilichomshukia bei msema kweli kimemshukia bei mwongo pia. Zamani mtu alifikiri mara mbili kabla hajachapisha, manake kuchapisha kuligharimu. Sasa matusi ni bure, na kuna wanaolipwa kuyatoa.

MAWAZO YA WENGI YANA NGUVU, TUMEYAONA

Kabla hatujazungumza juu ya wavurugaji, tusisahau kwa nini jambo hili lina thamani. Wako wanaosema, "Ah, maoni yetu hayana kazi, wao washaamua." Si kweli, na ushahidi upo.

Tume ya kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilizunguka nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kupokea maoni zaidi ya 35,000 ya wananchi, mmoja mmoja na makundi. Waislamu nao walikwenda wakasema yao. Mjadala juu ya Mahakama za Kadhi ulikuwa mkali kweli kweli, na miaka ikapita kwa vuta nikuvute. Lakini fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Mahakama hizo zimo. Lau kama watu wetu wangekaa majumbani wakasema "washaamua", nani angeyasema?

Nenda Lamu. Serikali ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Watu wa Lamu walikusanya hoja zao: samaki, hewa, mji wa kale wenye urithi wa dunia. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya mradi huo, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Halafu ikaja Juni 2024. Mswada wa Fedha ulileta VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari. Vijana waliufungua mswada mtandaoni, wakaufasiri kwa Kiswahili na lugha nyengine, wakatengeneza programu ya akili unde ya kujibu maswali juu yake, wakajadiliana usiku kucha kwenye Spesi za X. Tarehe 18 Juni baadhi ya vipengele vikaondolewa, mkate ukiwa mmoja wao. Tarehe 25 Bunge likaupitisha mswada. Tarehe 26 Rais Ruto akakataa kuutia saini. Tarehe 5 Julai Rais mwenyewe akaingia kwenye Spesi ya X kuulizwa maswali. Gharama yake tunaijua: makumi ya watu waliuawa, na wako mama ambao mpaka leo wanalilia watoto wao. Kwa hivyo tusizungumze juu ya maoni ya wananchi kama mchezo wa simu. Watu wamekufa kwa ajili ya haki ya kusikizwa.

KELELE ZA KULIPIWA

Sasa tuje kwa wavurugaji. Mnawaona kila siku, lakini ni vyema kuwajua kwa aina zao, manake dawa ya mmoja siyo ya mwenzake.

Wa kwanza ni wa kukodiwa. Septemba 2021 watafiti wawili wa Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walitoa ripoti chini ya taasisi ya Mozilla. Wakati ule nchi ilikuwa kwenye mvutano wa BBI, na Mahakama Kuu ilikuwa imeitupa tangu tarehe 13 Mei. Waligundua makundi ya watu waliokuwa wakipewa maagizo kwenye WhatsApp: hashitegi ni hii, maneno ni haya, saa ni hii, anzeni. Malipo yalikuwa kama dola 10 hadi 15 kwa mtu kushiriki kampeni tatu kwa siku. Walengwa walikuwa majaji na wanaharakati. Watafiti walihesabu akaunti zaidi ya 3,700 na jumbe zaidi ya 23,000. Wewe ulidhani nchi nzima imekasirika, kumbe ni watu wako kazini.

Mtandaoni hawa wamebandikwa jina la "mabloga wa 527". Watu huelezea kuwa ni shilingi 500 za kazi na 27 za kutolea M-Pesa. Ni kejeli, lakini ndani yake kuna msiba. Aliyekodiwa mara nyingi ni kijana kama wewe, amesoma, hana kazi, na kodi ya nyumba yamsubiri. Tusimchukie, tuichukie ile biashara.

Jueni pia lengo la kazi yake. Hataki akushinde kwa hoja. Ataka uchoke. Ataka wewe na wenzako muache kuzungumza juu ya pesa za mtaro na muanze kuzungumza juu yake. Ukimjibu, amepata mshahara wake.

Wa pili ni mchokozi wa mtaani. Huyu halipwi na mtu. Ana chuki ya zamani, au ana wivu, au amezoea tu. Huyu ndiye atakayekuuliza kabila na asili yako, Mpwani gani wewe, mbara gani wewe, Mwarabu gani wewe. Huyu ndiye anayewakimbiza kina dada. Na tuseme ukweli, wengi wao twawajua, tumeswali nao safu moja.

Tuwakumbushe kisa kimoja. Kwenye Vita vya Handaki, wazo la kuchimba lile handaki la kuilinda Madina lilitoka kwa Salman, mtu wa Uajemi, mgeni pale. Mtume (s.a.w.) hakuuliza nasaba yake. Wazo lilipimwa kwa faida yake, likachimbwa. Na Sura ya Al-Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na imetuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujaitendea kazi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mjadala wowote, uwe wa barazani au wa simu.

Wa tatu ni mcheshi. Huyu hana ubaya, lakini aweza kuharibu kazi. Mwaka 2016 shirika la utafiti la Uingereza liliwaomba wananchi wapendekeze jina la meli mpya ya utafiti. Jina lililoongoza kwa kura likawa la mzaha, Boaty McBoatface. Wakubwa wakaona haya, meli ikapewa jina la Sir David Attenborough, na lile la mzaha likapewa chombo kidogo cha chini ya maji. Watu walicheka, lakini somo liko: ukiuliza swali la wazi kabisa, pasi na mipaka, usishangae ukipata jibu la mchezo.

MPINZANI SI MVURUGAJI

Hapa twaomba msikize vizuri, manake ndipo mambo huharibika.

Dawa ya wavurugaji ikikosewa hugeuka sumu. Ukishapata nguvu ya kumwita mtu mvurugaji na kumtoa, kesho utamtoa yule asiyekubaliana nawe. Admini wa grupu hufanya hivyo. Serikali nayo hufanya hivyo, tena kwa pingu.

Mwaka 2025 mtaalamu wa programu, Rose Njeri, alitengeneza tovuti ndogo. Mwananchi aliingia, akasoma vipengele vya Mswada wa Fedha wa mwaka ule, na kwa kubonyeza mara moja akaweza kutuma barua pepe ya pingamizi kwa Bunge. Yaani aliwafungulia watu mlango ambao Katiba yenyewe, kifungu cha 118, yasema uwe wazi. Ijumaa tarehe 30 Mei akakamatwa. Alikaa ndani mpaka Madaraka Dei ikapita. Akashtakiwa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, kwa madai ya kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Tarehe 20 Juni mahakama ya Milimani ikalitupa shtaka: halikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria.

Tazameni basi. Wanaorusha hashitegi za kulipiwa wanalala kwao. Aliyewasaidia wananchi kuandika barua kwa Bunge lao alilala rumande. Na Oktoba 2025 sheria hiyo hiyo ikafanyiwa marekebisho ya kuiongezea makali, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vyake. Wenye mamlaka wakisema wanapambana na unyanyasaji wa mtandaoni, kina dada wetu wana haki ya kuuliza: mbona hao wanaotutukana hatuwaoni kortini?

Vipi basi utamjua mvurugaji na mpinzani? Twapendekeza maswali matatu. Je, maneno yake yanahusu wazo au yanahusu mwenye wazo? Je, ukimjibu kwa ushahidi, anasogea hata kidogo au anarukia tusi jengine? Je, ana pendekezo lake, hata kama ni la kusema "tusifanye lolote"? Mpinzani aweza kuwa mkali, aweza kukuudhi, lakini anazungumza juu ya mtaro. Huyo mwacheni, tena mshukuruni. Mara nyingi yeye ndiye atakayeona shimo kwenye mpango wenu kabla karani wa kaunti hajaliona.

WENZETU WALIFANYAJE

Iko mifano miwili ya mbali yenye faida kwetu.

Taiwan, mwaka 2015, walikuwa na ugomvi juu ya Uber, kama ule ambao madereva wa teksi na tuktuk wa hapa wangeuelewa. Waliwaita watu watoe maoni kwa kutumia programu iitwayo Polis. Mtu aandika sentensi moja ya maoni yake. Wengine wabonyeza: nakubali, sikubali, napita. Basi. Hakuna kitufe cha kujibu. Mvurugaji hana pa kutukana. Akiandika upuuzi, watu wabonyeza "sikubali" na upuuzi wake wazama. Programu yachora makundi ya maoni na kuonyesha ni sentensi zipi zimekubaliwa na kambi zote mbili. Ikaonekana kuwa watu waliodhani ni maadui walikubaliana juu ya mambo mengi, kama bima na usajili wa madereva, na serikali ikayatumia kutunga kanuni.

Iceland, nchi ndogo yenye watu laki tatu na kitu, mwaka 2011 baraza la watu 25 liliandika rasimu ya Katiba huku likiiweka mtandaoni kipande kwa kipande na kupokea maoni mpaka kwenye Facebook. Oktoba 2012 wananchi wakaipigia kura ya maoni, kama thuluthi mbili wakaiunga mkono. Lakini Bunge likaiacha ikafa. Kwa nini twawaambia hili? Ili mjue kuwa kukusanya mawazo vizuri hakutoshi. Bila mlango wa kisheria wa kuyaingiza, na bila watu wa kusimama mlangoni, mawazo bora pia hufa.

Mombasa ina watu zaidi ya milioni moja na laki mbili kwa sensa ya 2019. Sisi twazungumza juu ya mtaa mmoja. Hatuhitaji mitambo mikubwa.

TUFANYE NINI BONDENI

Haya, tuache maneno tuingie kazini. Haya ndiyo tunayopendekeza kwa kila kikundi cha vijana, timu ya mpira, madrasa, chama cha kina mama na maskani.

1. Uliza swali dogo. Usiulize "Tuufanyie nini mtaa wetu?" Utapata matusi na vichekesho. Uliza: "Kaunti ikitoa pesa za mradi mmoja tu Bondeni mwaka ujao, ziende kwenye mtaro, taa au maji? Taja mahali." Swali lenye mipaka humpa mkweli pa kushika, na humnyima mvurugaji pa kucheza.

2. Tenganisha kutoa maoni na kujadili. Tumieni fomu ya mtandaoni, au nambari moja ambayo watu wanaitumia jumbe moja kwa moja, bila kuonana. Mkusanye, kisha ndiyo muweke orodha hadharani ijadiliwe bila majina. Dada asiyetaka jina lake lisomwe na grupu la watu mia tano atasema la moyoni. Na aliyezoea kushambulia mtu atakosa mtu wa kumshambulia.

3. Wekeni admini watatu, si mmoja, na angalau mmoja awe dada. Kanuni ziandikwe juu ya grupu, fupi: hakuna tusi, hakuna kabila, hakuna kumzungumzia mtu mwili wake, hakuna skrinshoti ya kumtoa mwenzako nje. Anayekiuka aonywe mara moja, ya pili atoke. Na mtu asitolewe kwa sababu ya maoni. Wawili kati ya watatu wakubaliane kabla hajatolewa mtu.

4. Usimlishe mvurugaji. Usimjibu, usimnukuu, usipige skrinshoti kumsambaza "watu wamwone". Ndicho anachotaka. Akitishia maisha ya mtu au kumwanika dada wa watu, hifadhini ushahidi pamoja na tarehe na saa, mumpeleke kunakohusika mkiwa na wakili au shirika la haki. Msilipize.

5. Linda siri za watu. Msikusanye nambari za kitambulisho kwenye grupu. Msiweke simu za watu hadharani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na juu ya sheria kuna amana. Hapa Pwani twajua vizuri jinsi jina la kijana linavyoweza kuingizwa kwenye orodha asiyoijua. Nanyi wenyewe, chungeni ulimi: kumsema kiongozi kwa ukali ni haki yako, kuchochea watu wapigane si haki ya mtu yeyote, na kifungu cha 33 cha Katiba kimeweka mpaka huo wazi.

6. Toa wazo kwenye simu, litie kwenye karatasi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Andikeni kurasa mbili: sisi ni nani, tatizo ni lipi, liko wapi, twapendekeza nini, kwa nini. Taja kifungu au ukurasa wa mpango wa kaunti unaotaka ubadilishwe. Nakala mbili. Moja wape, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Siku ile watakaposema hakuna mtu aliyetoa maoni, ule muhuri ndio utakaosema. Kifungu cha 119 cha Katiba chakupa haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yakupa haki ya kupeleka ombi Bunge la Kaunti. Huhitaji kujuana na mtu.

Na msitume barua mia zinazofanana neno kwa neno. Ni rahisi mno kwa karani kuziweka fungu moja na kusema ni barua moja. Kila mmoja aandike kwa maneno yake, atie jambo analolijua yeye: mtaro ule wafurika nyumba ngapi, taa ile imezimika tangu lini. Hapo hakuna anayeweza kusema nyinyi ni kelele za kukodiwa.

7. Jueni kalenda. Kwa sheria ya fedha za umma, kaunti hupaswa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kabla ya tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Ukileta wazo la mtaro mwezi wa Juni, bajeti imeshapikwa na kupakuliwa. Wakikuficha nyaraka, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016: andika ombi, wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Na kikao kikitangazwa usiku kifanywe kesho yake, au kikiwekwa Ijumaa saa sita na nusu, andikeni kupinga siku hiyo hiyo. Kifungu cha 196 chaitaka kaunti iwashirikishe wananchi, na kushirikishwa si kuitwa wakati huwezi kufika.

8. Msiwasahau wasio na simu. Mzee wa kahawa, mama wa mahamri, fundi wa jua kali, hao wote wana mawazo na hawana bando. Kijana mmoja achukue daftari azunguke. Maoni ya daftari yahesabiwe sawa na ya simu. Tena jambo jema ni hili: akaunti ya uongo haiwezi kukaa barazani ikaulizwa na mzee jina lake.

9. Rudisha majibu. Waliotoa maoni waambiwe: tulipata mangapi, tumepeleka wapi, tumejibiwa nini, na kama tumekataliwa, kwa sababu gani. Watu hawachoki kwa kukataliwa. Huchoka kwa kunyamaziwa. Na palipo kimya, mvurugaji ndiye anayepata nafasi ya kusema, "Si niliwaambia? Wameshalipwa hao."

KABLA YA 2027

Uchaguzi wa Agosti 2027 umekaribia. Mtaona wenyewe. Akaunti mpya zitazaliwa kila wiki, zenye picha za watu wasiokuwepo. Mtapewa hashitegi za kusukuma. Wengine wenu mtapigiwa simu na mtu mpole, akuambie ni kazi ndogo tu, elfu moja kwa siku, wapewa maneno unayarusha. Siku hiyo jiulize: yule unayetumwa kumtukana, kosa lake ni nini? Huenda kosa lake ni kuwa ameuliza pesa za hospitali zilikwenda wapi. Na huenda hospitali hiyo ndiyo anayotibiwa mama yako.

Twawaomba mambo matatu, na twataka muanze wiki hii. Kwanza, kila kikundi kichague swali moja, dogo, la mtaa wake. Pili, wekeni admini na kanuni kabla hamjalitangaza. Tatu, wekeni tarehe ya kupeleka karatasi, na mtaje kwa jina nani atakwenda nayo mpaka dirishani kupigiwa muhuri.

Kwa kina dada, twasema wazi: mkitoka uwanjani, nusu ya mtaa imenyamaza. Si kazi yenu kuvumilia matusi. Ni kazi ya ndugu waliomo kwenye grupu kuyazuia, na anayenyamaza akiona dada anatukanwa asidhani yeye hana lawama.

Na kwa yule ambaye alitoa wazo akachekwa, akatukanwa, akaondoka: rudi. Liandike tena, safari hii kwenye karatasi, ulete kwa wenzako. Huenda si zuri bado. Huenda mtu atalipinga mpaka likanyooka. Hivyo ndivyo mawazo ya watu wengi yanavyofanya kazi.

Mtaro wa Bondeni haujui hashitegi. Mvua ikija, utafurika kwa aliyetukana na kwa aliyetukanwa.

Tukutane kwenye kazi, inshaallah. Wabillahi tawfiq.